Wizi wa bunduki za easofti, alama na traka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wachezaji wenzangu wa easofti tunaozungumza Kiswahili hapa Uingereza, na mengine huulizwa na wazazi waliokuta mfano wa bunduki ya kijeshi ya M4 chini ya kitanda cha mtoto. Sheria ninazozitaja ni za England na Wales. Mimi ni mchezaji niliyewahi kuibiwa, si wakili.

## Mambo ya mwanzo

1. Bunduki ya easofti ni ya kweli au si ya kweli?

Si ya kweli. Inarusha gololi za plastiki za milimita 6 kwa springi, gesi au mota ya betri. Mchezo wenyewe ulizaliwa Japani, ambako raia wa kawaida kupata bunduki ni kazi kubwa, na mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa bunduki yake ya kwanza ya umeme, mfano wa FAMAS ya Ufaransa. Tangu hapo watengenezaji wanashindana nani ataikaribia zaidi ile ya kweli: uzito, ubaridi wa chuma, hata mlio wa kukoki.

Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa nguvu ya jouli 1 inakwenda mita 100 kwa sekunde. Inauma, inaacha kidoti chekundu shingoni, na inaweza kupofua jicho. Tangu 2017 sheria ya hapa imeweka mipaka: jouli 1.3 kwa bunduki inayomimina mfululizo, na 2.5 kwa inayopiga moja moja. Ukivuka hapo, umeshatoka kwenye mchezo na kuingia kwenye silaha.

2. Kama ni ya kuchezea, nani wa kuiiba?

Swali hili huulizwa na watu ambao hawajaona bei zake. Bunduki ya umeme ya kawaida ni pauni 150 hadi 400, kabla hujaongeza darubini, magazini, betri na chaja. Begi la mchezaji wa miaka mitatu linaweza kubeba pauni 1,000 bila mwenyewe kujua, kwa sababu alinunua kidogo kidogo.

Mwaka 1999 mtafiti wa uhalifu Ronald Clarke alieleza vitu vinavyopendwa na wezi: vinavyofichika, vinavyobebeka, vinavyopatikana kirahisi, vyenye thamani, vinavyofurahisha kuwa navyo, na vinavyouzika haraka. Pima begi lako kwa vigezo hivyo. Tayari limefungwa, lina mikanda ya kubebea mgongoni, na ukilibeba msituni siku ya mchezo hakuna atakayekuuliza unakwenda nalo wapi, maana kila mtu amebeba la namna hiyo.

3. Kwa nini polisi wanaujali wizi huu kuliko wizi wa fimbo za gofu?

Kwa sababu ya sura yake. Ukielekezewa mtutu kaunta ya duka saa nne usiku huna muda wa kuuliza kama ni plastiki. Sheria ya Silaha ya 1968 inalijua hilo: kubeba bunduki ya bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, na kuwa nayo kwa nia ya kumtia mtu hofu ya kudhuriwa kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10. Na polisi wenye silaha wakiitwa, wao pia hawana muda wa kuuliza. Novemba 2014 mjini Cleveland, Marekani, mtoto wa miaka 12 aliuawa na polisi akiwa na bastola ya easofti ambayo ile ncha ya rangi ya chungwa ya kwenye mdomo wa mtutu, ya kuonyesha kuwa ni ya kuchezea, ilikuwa haipo.

Kwa hiyo bunduki yako ikiibwa, hasara si yako peke yako. Hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema "ah, nitanunua nyingine" na wasiripoti.

4. Nina UKARA. Si maana yake bunduki yangu imesajiliwa?

Hapana. Kati ya maswali yote, hili ndilo ninalolijibu mara nyingi zaidi, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Sheria ya Kupunguza Uhalifu wa Kutumia Nguvu ya 2006 ilifanya kuwa kosa kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza, au kugeuza kitu kiwe mfano wa bunduki unaofanana na wa kweli. Sehemu hiyo ilianza kutumika Oktoba 2007. Wakaachiwa mlango watu wachache: majumba ya makumbusho, waigizaji, wanaoigiza vita vya kihistoria, na wachezaji wa easofti wanaocheza kwenye viwanja vyenye bima. UKARA ni daftari la chama cha wauzaji linalomsaidia muuzaji kuthibitisha kuwa wewe ni mchezaji kweli. Unacheza mara tatu kwenye uwanja mmoja ndani ya muda usiopungua siku 56, uwanja unakuombea namba, na namba inaisha baada ya mwaka usipoihuisha.

Sasa angalia kilichoandikwa kwenye daftari hilo: jina lako na uwanja wako. Hakuna mahali palipoandikwa una bunduki gani. Ukinunua kumi au ukiuza zote, daftari halijui. Kwa hiyo mtu akikwambia polisi wataikamata bunduki yako iliyoibwa "kwa UKARA", mwambie asome tena aya hii.

5. Mwanangu ana miaka 16 na anacheza. Bunduki ni ya nani?

Muuzaji haruhusiwi kumuuzia aliye chini ya miaka 18, wala mwenye umri huo haruhusiwi kununua. Mzazi ndiye anayenunua, kwa hiyo risiti, siriali namba na ripoti ya polisi ikibidi, viwe kwa jina lako mama au baba.

## Wizi wenyewe

6. Huibiwa wapi zaidi?

Kwenye buti la gari, tena mchana. Mchezo umeisha saa kumi, watu wamechoka, wanapakia huku wanapiga soga. Gari liko wazi dakika kumi, mwenyewe yuko mezani anarudisha miwani ya kukodi. Baada ya hapo ni vituo vya mafuta vya barabara kuu, ambako mtu anashuka kula chipsi akiwa bado na magwanda, na nyuma ya gari kuna stika ya timu yake. Stika hiyo ni tangazo. Halafu kuna banda la bustani lenye kufuli la pauni tano, na vifurushi vinavyoachwa mlangoni.

Yangu ilikwenda Jumapili moja ya Novemba, kwenye maegesho ya uwanja fulani wa msituni. Nilikuwa na mabegi mawili nyuma ya gari. Nilikwenda kurudisha kikombe cha chai, nikarudi, nikakuta moja. Lililobaki lilikuwa na viatu vya buti vilivyolowa matope, soksi, na AirTag, ile traka ndogo ya Apple inayokuonyesha kwenye simu kitu chako kiko wapi, niliyoiweka humo asubuhi kwa haraka nikisema nitaihamisha baadaye. Simu yangu ilinionyesha kwa uhakika mkubwa kwamba viatu vyangu viko salama.

7. Anayeiba ni kibaka wa mtaani au mchezaji mwenzetu?

Wote wawili, na tofauti ni muhimu. Kibaka huchukua begi bila kujua lina nini. Akilifungua anaweza kufurahi au kuogopa. Anayejua mchezo huchagua. Kwenye begi langu alichukua M4 na bastola. Miwani ya kinga ya bei nafuu aliitupa kwenye majani hatua chache tu kutoka hapo. Mtu asiyejua asingetofautisha miwani nzuri na mbaya. Ninasema hivi si ili tuanze kutazamana kwa jicho baya uwanjani. Ninasema kwa sababu alama na traka zinafanya kazi tofauti kwa watu hawa wawili (tazama swali la 10).

8. Akishaiba anaiuza wapi?

Kwa mchezaji mwingine. Hapo ndipo penye bei. Dukani hapokelewi mtu bila maswali, na mitandao mikubwa ya biashara haipendi kabisa vitu vyenye sura ya bunduki. Inabaki mikono kwa mikono, wachezaji wanaouziana vilivyotumika. Muuzaji yeyote wa mfano unaofanana na wa kweli, hata mtu binafsi, anatakiwa kuhakikisha mnunuzi ana sababu inayokubalika kisheria, na wengi huomba namba ya UKARA. Mwizi haiombi. Anataka pesa taslimu, leo, na mkutane kwenye maegesho ya supamaketi.

Yaani sheria iliyowekwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa imetupatia kipimo cha bure: muuzaji asiyekuuliza chochote, na bei yake ni ya kutupa, muulize wewe.

## Alama, namba na traka

9. Bunduki yangu ina siriali namba ubavuni. Haitoshi?

Itazame vizuri kwanza. Baadhi ya mifano imechorwa namba kwa ajili ya urembo tu, na bunduki zote za toleo hilo zina namba ileile, kama vile kila shati la Simba mgongoni liandikwe namba 10. Nyingine zina namba ya pekee, hasa zile zilizotengenezwa kwa leseni ya kampuni ya bunduki za kweli. Njia rahisi ya kujua ni kutafuta picha za bunduki kama yako zinazouzwa na kulinganisha namba. Zikifanana, ya kwako ni pambo.

Hata ikiwa ya pekee, namba ni tarakimu tu kama hukuiandika mahali. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha ya namba, ya risiti, na ya bunduki nzima pande zote mbili, ukizihifadhi nje ya simu unayokwenda nayo uwanjani.

10. Twende kwenye swali lenyewe: alama humzuia mwizi?

Alama peke yake, kidogo sana. Nitaanza na yaliyopimwa, kisha niseme ninavyoona mimi.

Wazo la kuchora namba kwenye mali ili mwizi aiogope lilianzishwa kama kampeni mwaka 1963, Monterey Park, California, likaenea Marekani nzima. Walipokuja kuitathmini miaka ya 1970, waliojiunga walionekana kuibiwa kidogo kuliko majirani, lakini wizi wa mji mzima haukupungua, na vitu vilivyorudi kwa wenyewe kwa sababu ya alama havikuongezeka kwa namna ya kuonekana. Halafu ukaja utafiti wa Gloria Laycock uliochapishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza mwaka 1985, kuhusu vijiji vya karibu na Caerphilly, kusini mwa Wales. Kule walipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya asilimia 70 ya nyumba zikashiriki, na wizi kwenye nyumba zilizoshiriki ukapungua kwa kiasi cha asilimia 40. Watu wakashangilia. Mwaka 1991 mtafiti yuleyule alizirudia takwimu, akaona kwamba kilichofanya kazi zaidi ni kelele: wizi ulikuwa ukishuka kila kampeni ilipotangazwa. Mwizi hakuiogopa kalamu. Aliogopa zile habari kwamba bonde zima limechora vitu vyake.

Sisi tuliokulia Dar au Nairobi tunalijua jambo hili bila utafiti. Nani hajaona gari lenye namba za usajili zilizochorwa kwenye vioo vya pembeni, taa, hata vioo vya madirisha? Kijana wa kuchonga namba anakufuata mwenyewe na kimashine chake kwenye foleni. Na bado vioo vinaibwa. Lakini kioo kilichochongwa T-fulani-fulani hakimfai mwenye gari lingine, atakayekifunga atauliza kwa nini namba si yake. Mwizi anayejua soko atakiruka na kwenda kwenye gari la nyuma. Kibaka wa usiku ataking'oa hivyohivyo, akigundua asubuhi.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu: alama haimtishi anayeiba, inamtia mashaka anayenunua. Ikiwa mnunuzi haangalii, alama ni wino tu. Ikiwa wanunuzi wa uwanja wenu wana tabia ya kufungua kifuniko cha betri kutafuta alama kabla ya kulipa, na kila mtu anajua wana tabia hiyo, basi anayejua mchezo (yule wa pili wa swali la 7) ataanza kupiga hesabu. Kibaka hutamgusa. Kwake yeye dawa ni kufuli na kutoacha gari wazi.

11. Mbona simu ikiibwa hufungiwa, bunduki haifungiwi?

Kwa sababu simu ni lazima iombe ruhusa kwa mtandao kila inapowashwa, na mtandao unasoma IMEI yake, ile namba ya utambulisho unayoiona ukipiga *#06#. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Tanzania, zilizimika kweli, na Kenya walikuwa wamefanya hivyo tangu mwisho wa Septemba 2012. Mwenye simu hakuhitaji kukamatwa na mtu.

Bunduki ya easofti haimuombi mtu ruhusa. Unaweka betri, unavuta kifyatulio, inapiga. Hakuna *#06# yake. Anayependekeza "tufanye kama simu" inabidi aseme kwanza nani atakuwa mtandao.

12. Basi kuwe na daftari la taifa la bunduki zote za easofti. Ungeunga mkono?

La hiari, ndiyo, na kwa kiasi fulani lipo: Immobilise ni daftari la bure la mali za aina yoyote hapa Uingereza, na polisi wana njia ya kulisoma wakikamata kitu cha wasiwasi. Weka siriali namba na picha. Dakika tano.

La lazima ningesita. Lingewabana watu walewale ambao tayari wana risiti na UKARA, na bunduki zilizouzwa kabla ya daftari zingebaki nje. Wenzangu wengine wanaona tofauti na tumeshabishana hadi chai ikapoa.

13. Niweke alama gani, na wapi?

Mbili. Ya kwanza ionekane: stika au maandishi madogo kwenye kitako au ndani ya kifuniko cha begi yanayosema mali imesajiliwa. Hii ni kwa ajili ya macho ya mwizi na ya mnunuzi.

Ya pili isionekane. Wino unaoonekana kwa taa ya zambarau ni rahisi ila hufifia kwa mafuta na kusuguliwa. Rudia kila mwaka. Kuna majimaji kama SmartWater, yenye alama ya kipekee inayotambulika maabara. Mimi, kwa ushamba wangu, ninaamini zaidi maandishi ya kalamu ya rangi ndani kabisa: kwenye uvungu wa kifuniko cha betri, au ndani ya mpini ukiufungua kwenye mota. Andika namba ya simu, si jina tupu. Usichore kwa moto kwenye plastiki nyembamba, utaitoboa. Na usiandike anwani ya nyumbani, unamwelekeza mwizi zilizobaki.

M4 yangu ilikuwa imefungwa kipande cha khanga kwenye mkanda, alama ya timu yetu. Mwizi alikifungua akakitupa, kama mtu yeyote angefanya. Namba ya simu uvunguni mwa kifuniko cha betri hakuiona. Wiki sita baadaye kijana mmoja kutoka mji mwingine alinipigia: "Kaka, samahani, nimenunua bunduki na humu ndani kuna namba yako." Alikuwa anaweka betri kwa mara ya kwanza. Bastola haikurudi. Haikuwa na alama.

14. AirTag au traka nyingine, inasaidia?

Inasaidia kujua, si sana kuzuia. AirTag ilipotoka 2021 iliuzwa pauni 29, betri yake inakaa kama mwaka, na hujulikana ilipo kwa kupitia simu za Apple za watu wanaopita karibu. Mjini ni nzuri sana. Kwenye banda la shamba lisilopitiwa na mtu itakaa kimya.

Mambo matatu huwaponyoka watu. Kwanza, ili zisitumike kuwavizia watu, traka hizi humtahadharisha anayesafiri nazo bila mwenyewe. Tangu 2023 hata simu nyingi za Android hufanya hivyo, na AirTag yenyewe huanza kulia ikikaa mbali na mwenyewe kwa kati ya masaa 8 na 24. Mwizi mwenye simu ataambiwa. Una muda mfupi. Pili, chuma huziba mawimbi. Tatu, ukubwa: AirTag ni sarafu ya kama milimita 32, na bomba la nyuma la M4 ni chini ya milimita 30. Haiingii, nimejaribu, usiilazimishe. Ishone ndani ya kitambaa cha begi, kwa sababu wengi huondoka na begi zima, kisha angalia mara mbili kwamba ni begi lenyewe (swali la 6).

Traka za GPS zenye laini ya simu hazitegemei wapita njia, lakini zinataka kuchajiwa na kulipiwa kila mwezi, na siku utakayoibiwa ndiyo utakayokuwa umesahau kuchaji.

15. Zile kamera za maegesho je?

Zina faida pale tu mtu anapoziangalia. Uliza uwanja wako picha hukaa siku ngapi kabla ya kufutwa. Wengi hawajui.

## Ikishaibwa

16. Nianze na nini?

Kama mwizi bado yupo unamwona, 999. Kama ameshaondoka, 101 au ripoti ya mtandaoni. Sema wazi tangu sentensi ya kwanza kwamba ni *mfano* wa bunduki, wa easofti, si silaha ya kweli, kisha taja siriali namba na alama. Omba namba ya shauri. Ni kama RB ya Tanzania au OB ya Kenya, na bila hiyo bima haitakusikiliza.

Halafu waambie wenye uwanja, kisha viwanja vya jirani, kisha wachezaji, kwa mpangilio huo na siku hiyohiyo. Tuma picha za vitu, hasa mikwaruzo na vipande ulivyobadilisha. Bunduki iliyotangazwa imeibwa haiuziki kwa urahisi ndani ya kaunti moja. Ndiyo sababu yangu ilisafiri hadi mji mwingine.

17. Bima ya uwanja si italipa?

Ile ni ya mtu kuumizwa au mali ya mwingine kuharibiwa. Wizi wako unaangukia bima yako ya vitu vya nyumbani, kama ina kipengele cha vitu vilivyo nje ya nyumba. Soma kuhusu gari: nyingi hazilipi kitu kilichoachwa mahali kinapoonekana, au kama hakuna dalili ya mlango kuvunjwa. Buti lililoachwa wazi halijavunjwa. Mimi sikulipwa kitu.

18. Traka inanionyesha nyumba kabisa. Niende na vijana wa timu tukaichukue?

Usiende. Fikiria jirani anavyoona: wanaume watano wenye magwanda wamesimama mlangoni, mmoja anatoka na bunduki mkononi. Simu atakayopiga unaijua, na wanaokuja wanakuja na silaha (swali la 3). Kwetu sisi weusi sitasema zaidi. Piga skrini shoti yenye saa, wape polisi na namba ya shauri.

19. Naweza kusambaza picha ya ninayemshuku?

Sambaza picha ya bunduki. Ukiweka uso wa mtu ukawa umekosea, kesi ni yako.

## Yasiyo ya kawaida

20. Nimenunua kwa nia njema, kumbe ya wizi. Ni yangu?

Kwa kawaida si yako. Aliyekuuzia hakuwa na umiliki wa kukupa, kwa hiyo hukuupata. Ukikaa nayo baada ya kujua, unakaribia kosa la kupokea mali ya wizi, ambalo Sheria ya Wizi ya 1968 inaliadhibu hadi miaka 14. Mpigie mwenyewe au polisi, toa ushahidi wa ulivyolipa. Yule kijana aliyenipigia alipoteza pauni 120. Nilimrudishia nusu na tukacheza pamoja mara mbili, sheria haikunilazimisha.

Kabla ya kununua, omba picha ya bunduki ikiwa na karatasi yenye jina la muuzaji na tarehe ya leo, fungua kifuniko cha betri, soma namba, na uitafute kwenye daftari la vitu vilivyoibwa.

21. Bima ilinilipa, kisha bunduki ikapatikana.

Mara nyingi inakuwa mali ya kampuni ya bima. Waarifu. Baadhi hukubali urudishe fedha, uichukue bunduki.

22. Ya kwangu ni ya rangi mbili, bluu na nyeusi. Inaibwa?

Kidogo, kwa sababu thamani yake ni ndogo na wachezaji wengi hawaitaki. Lakini mwizi mwenye kopo la rangi nyeusi anaweza kuibadili ifanane na ya kweli kwa robo saa, na kuigeuza hivyo bila kinga ya kisheria (swali la 4) ni kosa, hata kwa mwenyewe. Usinunue iliyopakwa rangi juu ya rangi bila kuuliza historia yake.

23. Naogopa wizi wa hapa. Nikaiache nyumbani Kenya au Tanzania?

Usifanye hivyo. Uwanja wa ndege hawataona mchezo, wataona bunduki. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataja bunduki ya bandia kwa jina inapotumika kwa nia ya kutenda kosa, na raia aliyewahi kuporwa kwa bastola ya plastiki hatakusikiliza ukimweleza habari za jouli. Iuze hapa.

24. Nauza bunduki yangu yenye alama na traka. Nifute?

Toa traka, mbele ya mnunuzi. Ukiiacha utakuwa unamfuatilia mtu, na hilo lina sheria zake. Alama ya ndani iache, ila andika karatasi ya mauzo yenye siriali namba, majina yenu na namba yake ya UKARA, kisha ubadilishe jina kwenye Immobilise. Namba yangu bado iko uvunguni mwa bunduki mbili nilizouza 2022, na wote wawili wana karatasi.